Tunamjua Juha Kalulu, Hatumjui Aliyemchora

Wasee, hebu fanyeni jaribio dogo leo. Tafuta mtu wa miaka 40 kwenda juu, awe mzazi wako, mwalimu ama yule mzee wa duka. Muulize kama anamkumbuka Juha Kalulu. Atacheka kabla hajakujibu. Sasa muulize nani alikuwa anamchora. Hapo ndipo utaona mtu akikuna kichwa.

Nimefanya jaribio hili hapa Kyuso kwa watu tisa. Saba walimkumbuka Juha. Aliyejua jina la mchoraji? Sufuri. Na si kwa sababu wamesahau vitu. Mmoja wao alinitajia kikosi kizima cha Harambee Stars cha miaka ya themanini bila kupumua.

Kwa hivyo leo naongea kuhusu wachoraji wa komiki na katuni wa Afrika Mashariki. Naona kuna kitu kimoja kimewapata wote: mhusika amemla aliyemzaa. Tulichukua kicheko, tukamwacha fundi. Na hilo halikutokea tu lenyewe, lina sababu zake, nitazifikia.

Tuanze na huyo Juha. Aliyemchora anaitwa Edward Gitau. Alianza kumchora miaka ya 1950, wakati Kenya bado ni koloni na watu weusi kwenye magazeti walikuwa wanachorwa na Wazungu, mara nyingi kama vichekesho vya Wazungu. Gitau akachora Mwafrika wa kawaida, kwa Kiswahili, kwa ajili ya msomaji Mwafrika. Baadaye Juha akapata makao kwenye Taifa Leo, akakaa miongo na miongo. Ukijumlisha yote, ni zaidi ya nusu karne ya mtu mmoja kuchora mhusika mmoja. Marais walikuja wakaenda, Juha alikuwepo tu.

Angalia hata jina. Juha tunajua, ni mjinga. Kalulu kwa lugha kama Kichewa ni sungura. Sasa sisi tuliokulia kwa ngano za nyanya tunajua sungura si mjinga hata kidogo. Huku Ukambani sungura ni Wakavuku, mjanja anayemzungusha fisi kila siku. John Mbiti, yule profesa aliyezaliwa Mulango hapo Kitui, alikusanya hadithi hizi kwenye kitabu chake cha 1966. Kwa hivyo mtu akiitwa Juha Kalulu, utani umeanza kabla ya mchoro: sungura ambaye hana akili. Kwa maoni yangu Gitau alifanya kitu ambacho wanafasihi wangekiandikia makala ndefu kama kingekuwa ndani ya riwaya. Lakini kilikuwa kwenye gazeti, kwa hivyo kilifungiwa mandazi.

Sidhani natia chumvi. Gazeti huku kwetu lina maisha mawili. La kwanza ni siku linapofika na matatu kutoka Mwingi. La pili linaanza siku inayofuata, na ni refu zaidi: kufungia nyama, kuwashia jiko, kubandika ukutani. Ukutani angalau mtu anaweza kuendelea kulisoma.

Vuka mpaka uende Tanzania, utakuta hadithi ileile. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye gazeti la Uhuru kulikuwa na Chakubanga. Alikuwa maarufu mpaka jina lake likawa kwa watu wengi neno la kawaida la kuitia katuni yoyote ile. Fikiria hiyo sifa. Ni kama kila riwaya Kenya iitwe jina la mhusika mmoja. Aliyemchora ni Christian Gregory. Wangapi mnamjua? Jina la kiumbe likaingia kwenye lugha, jina la muumba likabaki nje.

Halafu kuna huyu ambaye huwa ananiumiza zaidi. Anaitwa Philip Ndunguru. Alichora kwenye SANI, gazeti la vichekesho la Dar es Salaam ambalo jina lake limetokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Unaunganisha Sa na Ni. Humo ndimo walimotoka kina Lodilofa na Ndumilakuwili. Sikiliza hayo majina tu. Lodilofa ni lodi, bwana mkubwa, halafu ni lofa, hana kazi wala senti. Ndumilakuwili ni yule rafiki anayekula na wewe mchana na usiku anakuuza. Kila mtaa uko na hao wawili. Ndunguru aliwaona, akawapa sura na mavazi na mwendo.

Ndunguru alifariki 1986. Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Umri wangu huu, manze. Wahusika wa SANI waliendelea kuchekesha watu kwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa, mikononi mwa wachoraji wengine. Kuna vijana Tanzania waliozaliwa baada ya yeye kufa wakakua wanamcheka Lodilofa. Hiyo ni kazi ya kijana ambaye hakufika hata thelathini. Angekuwa mwanamuziki, tungekuwa tunamfanyia tamasha la kumbukumbu kila mwaka.

Turudi Nairobi. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida linaloitwa Joe. Ng'weno mnamjua, ama wazazi wenu wanamjua, kwa sababu alikuja kuwa na Weekly Review na vipindi vya historia kwenye runinga. Hirst alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya 1965 akafundisha sanaa, na ndiye aliyekuwa mkono wa Joe. Joe mwenyewe alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini, anayekodisha chumba, anayekunywa moja baridi, anayecheka ili asilie. Ndani ya jarida mlikuwa na hadithi fupi na komiki. Edward Gitau, huyohuyo wa Juha, alikuwa na City Life. Kimani Gathingiri alikuwa na O.K. Sue!, kuhusu msichana wa mjini. Jarida liliisha 1979. Miaka sita tu, lakini ukitaka kujua Nairobi ya miaka ya sabini ilivaa nini, iliogopa nini na ilitongozana vipi, sijui kama kuna mahali pengine pazuri zaidi pa kuangalia.

Hirst hakuishia hapo. Miaka ya 1980 kukawa na Pichadithi. Neno lenyewe ni tamu: picha na hadithi zimegongana zikawa kitu kimoja. Zilikuwa ngano na masimulizi ya hapa kwetu, kama ya Lwanda Magere, zikiwa komiki. Mtoto aliyekuwa ananunua komiki za kigeni za watu wenye kapa mgongoni sasa angeweza kusoma shujaa wa Kijaluo ambaye mwili wake ni jiwe. Mwaka wa 1994 Hirst pamoja na Davinder Lamba wakatoa The Struggle for Nairobi, komiki inayoeleza historia ya jiji lenyewe, nani alipewa ardhi na nani alisukumwa pembeni. Alifariki 2015. Ukipita katikati ya Nairobi leo utaona sanamu za wanasiasa, za wapigania uhuru, hata mabango ya wanaotaka kura. Ukiona ya mchoraji, nitumie picha.

Kwenye Daily Nation kulikuwa na Bogi Benda. Wazee wangu wanamtaja kama jirani. Aliyemchora ni James Tumusiime, Mganda aliyekuwa Kenya miaka ile ya vurugu kwao. Alirudi nyumbani, akaanzisha Fountain Publishers huko Kampala, moja ya kampuni kubwa za vitabu Uganda. Ona hii: mtu aliyechekesha Kenya nzima, akaenda kujenga uchapishaji wa nchi nyingine, na huku Kenya tumebaki tu na jina la Bogi Benda.

Halafu Frank Odoi. Alizaliwa Ghana, akaja Nairobi mwishoni mwa miaka ya sabini, akabaki. Alichora Golgoti, akachora Akokhan. Akokhan ni hadithi ya nguvu za ajabu, vita vya watu wenye uwezo usio wa kawaida, na mizizi yake iko kwenye imani na visasili vya Afrika. Mwaka wa 2018 nilikuwa sekondari, na kila mtu alikuwa anapiga salamu ya Wakanda, mikono imekunjwa kifuani. Sina ubaya na Black Panther, ni filamu kali. Lakini huyo shujaa walimbuni Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili, mwaka wa 1966. Na miaka mingi kabla ya hiyo filamu, hapa Nairobi, Mwafrika alikuwa anachora mashujaa wa Kiafrika kwenye kurasa za gazeti la shilingi chache. Hatukujua tuulize wapi.

Odoi alifariki Aprili 21, 2012, kwenye ajali ya matatu Nairobi. Mmoja wa wachoraji wakubwa wa komiki barani, anarudi nyumbani kwa matatu kama mimi na wewe. Sisemi matatu ni aibu. Nasema pima hiyo na sifa aliyostahili.

Sasa sababu. Kwa nini wanapotea?

Ya kwanza ni karatasi. Riwaya inakaa kwenye rafu, katuni inakaa kwenye gazeti, na gazeti huishi siku moja. Kama hakuna mtu amekusanya hizo katuni akazifanya kitabu, mchoraji anaanza kufa asubuhi ya siku inayofuata. Gitau alichora zaidi ya miaka hamsini. Ingia duka lolote la vitabu uombe Juha Kalulu, juzuu ya kwanza hadi ya kumi. Muuzaji atakuangalia kama umeomba maziwa ya simba.

Ya pili ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa ni ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana tofauti. Kwa hivyo mchoraji aliyeajiriwa na gazeti anaweza kumzaa mhusika, amlee miaka ishirini, halafu asiwe na uwezo wa kumchapisha mwenyewe. Na mwenye gazeti ana mambo mengine, anauza habari za kesho, hana haraka ya kuchapisha vicheko vya 1976. Sheria hiyohiyo inalinda kazi mpaka miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Ulinzi ni mzuri, ni haki ya familia. Lakini kama mwenye haki amelala, kazi inalindwa ndani ya sanduku mpaka panya waimalize.

Ya tatu ni dharau, na hii ni yetu sote. Tulifundishwa katuni ni ya watoto, ama ni ya kupumzisha macho kati ya siasa na matangazo ya vifo. Shuleni kwenye Fasihi tulisoma riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Hakuna aliyetuwekea ukurasa wa Gitau mbele akauliza: huyu mtu amefanyaje ucheke kwa visanduku vinne? Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, na watu huniambia nimeacha elimu. Sawa. Lakini historia hii ya wachoraji sikuiacha darasani, kwa sababu haikuwa darasani. Nimeitafuta mwenyewe kwa simu, kwa wazee, na kwa magazeti ya zamani yaliyobandikwa kuta za watu.

Najua mtu atasema: lakini Gado si anajulikana? Maddo je? Kweli, na wanastahili kila sifa. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alitoka Dar, akaacha masomo ya usanifu majengo pale Ardhi, akajiunga na Nation 1992. Paul Kelemba, yaani Maddo, na dunia yake ya It's a Madd Madd World, pia jina lake liko. Lakini angalia kwa nini tunawajua. Wanachora wakubwa, na wakubwa wakikasirika, jina la mchoraji linatangazwa. Yaani Kenya, ili mchoraji ajulikane, lazima kwanza rais ama waziri anune. Aliyemchora mama mboga, konda na mlevi wa mtaa kwa miaka hamsini hana wa kumkasirikia hadharani, kwa hivyo hana wa kumtangaza. Na hata kwenye hiyo siasa kuna wanaosahaulika. Celeste Wamiru alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kufanya kazi ya mchoraji wa katuni za wahariri gazetini. Hebu uliza darasa lolote la sanaa kama wanamjua.

Na kununa huko kuna bei yake. Desemba 2024 kijana Kibet Bull, anayechora vivuli vyeusi vya viongozi na kuviweka mtandaoni, alitoweka. Polisi walikana kuhusika. Alipatikana Januari 2025. Wakati hayupo, niliona watu wakiuliza, ati kwani alikuwa anafanya nini, si ni vibonzo tu? Hilo neno "tu" ndilo linaniogopesha. Nchi ikiamini hiyo kazi ni kitu kidogo, hata anayeifanya ataonekana mtu mdogo, na mtu mdogo akipotea kelele zinachelewa. Tungekuwa tumemheshimu Gitau kama tunavyowaheshimu waandishi wakubwa, hakuna mtu angesema "vibonzo tu".

Sasa usidhani huko nje mambo yalijipa yenyewe. Vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimuuza Superman kwa dola 130 mwaka wa 1938. Majina yao yalirudishwa rasmi kwenye kazi hiyo 1975, pamoja na pensheni, baada ya kelele nyingi za watu waliokataa kunyamaza. Familia ya Jack Kirby ilimalizana na Marvel 2014, mwenyewe akiwa kaburini miaka ishirini. Kwa hivyo heshima haikuja kwa sababu muda umepita, ilidaiwa. Ubelgiji nako wana jumba la makumbusho la komiki Brussels tangu 1989, na kuta za mji wamezichora wahusika. Huko ndiko Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alipata wachapishaji na vitabu vyenye jina lake juu ya jalada. Mmoja wa hivyo, Madame Livingstone wa 2014, unahusu vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, ziwa letu hili. Mchoraji wetu, ziwa letu, rafu ya watu wengine.

Sisi Wakamba kwa hakika tungepaswa kuelewa hili kabla ya kila mtu. Babu zetu wamechonga vinyago vilivyoenda dunia nzima. Mutisya wa Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wakati wa vita vya kwanza akiwa Tanganyika, akarudi, akafundisha, na kazi ikaenea Ukambani yote. Jina lake tumelihifadhi. Lakini wale maelfu waliofuata? Twiga wao amesimama sebuleni kwa mtu huko Ujerumani, na chini ya kwato hakuna jina. Mnunuzi anasema "kinyago cha Kiafrika". Bara zima limepewa sifa ya mkono wa mtu mmoja.

Na sisi wa mtandaoni tunafuata njia hiyohiyo. Video yangu moja ilichukuliwa na ukurasa mkubwa, jina langu likakatwa pale chini, ikatazamwa mara nyingi kuliko yangu ya asili. Watu wa Kyuso wenyewe walinitumia, wakaniambia, "Ona huyu jamaa anaongea kama wewe." Ni mimi! Shujaaz ilipoanza 2010, komiki za Sheng zikija bure na gazeti na kwenye maduka ya M-Pesa, kila mtoto alimjua Boyie. Muulize sasa nani alimchora Boyie. Unaona? Si mambo ya 1950 tu.

Kwa hivyo tufanye nini? Nina vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji serikali itoe bajeti kwanza.

Moja, ukishiriki mchoro, taja mkono. Usikate sahihi pale kwenye kona. Sahihi ni sehemu ya mchoro.

Mbili, wenye magazeti wafungue sanduku. Chapisheni mkusanyo wa Juha Kalulu. Chapisheni Bogi Benda. Lipeni wachoraji ama familia zao. Nyinyi mtauza, sisi tutanunua, na Kiswahili cha mtaani cha miaka hamsini kitakuwa kimeokolewa. Maktaba kama McMillan pale Nairobi zina magazeti ya zamani, kwa hivyo karatasi ipo, kinachokosekana ni nia.

Tatu, hii ni yako wewe. Chini ya kitanda cha nyanya, kwenye sanduku la bati, ukutani kwa ile nyumba ya zamani ya udongo, huenda kuna Joe, kuna Pichadithi, kuna ukurasa wa Taifa Leo umegeuka rangi ya chai. Kabla hamjaupaka ukuta rangi mpya, piga picha. Piga vizuri, mwanga uwe wa kutosha, na usogeze simu mpaka kwenye kona ya chini, pale penye jina dogo. Nitumie. Nitaanza kuziweka hapa kila Ijumaa, mchoro mmoja, jina la mchoraji likiwa la kwanza kabisa, juu ya mhusika.

Ijumaa hii naanza na Gitau.